Namna ya kuandika uchambuzi wa hukumu: mwongozo kwa mwanafunzi wa sheria

Kila mwanafunzi wa sheria hufundishwa mapema kufupisha hukumu: wadaawa (pande zinazoshindana mahakamani) ni akina nani, kilitokea nini, mahakama iliulizwa nini, ikaamua nini na kwa sababu gani. Muhtasari huo una kazi yake, hasa mitihani inapokaribia. Uchambuzi ni kazi nyingine kabisa. Mchambuzi anatakiwa aseme kama hukumu ile inasimama, inasimama juu ya nini, na itamfikisha wapi mtu atakayekwenda kesho mbele ya hakimu na shauri linalofanana nayo.

Wanaoihitaji kazi hii ni wengi kuliko tunavyodhani tukiwa darasani. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliye mbali na maktaba, msaidizi wa kisheria anayekaa na mama aliyeachwa, wakili kijana mwenye rufani wiki ijayo: wote hao hawana siku tatu za kuichambua hukumu moja. Wewe unazo. Ndiyo maana nasisitiza uchambuzi wa mwanafunzi usichukuliwe kama zoezi la kupata alama tu.

Nitatumia hukumu moja tangu mwanzo hadi mwisho ili hatua zionekane kwa vitendo: Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Rufani ya Madai Na. 9 ya 1983, iliyochapishwa katika Tanzania Law Reports ya 1983, ukurasa wa 32. Ni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliyotamka kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali za ndoa. Hutajwa karibu kila mahali panapozungumziwa mgawanyo wa mali baada ya talaka. Wanaoitaja ni wengi, ila walioisoma hadi mstari wa mwisho ni wachache.

Hatua ya 1: Chagua hukumu yenye mvutano ndani yake

Umaarufu wa hukumu hautoshi. Tafuta ile ambayo kanuni yake na matokeo yake havikai pamoja kwa raha, au ambayo majaji wake walikuwa na njia mbili zilizo wazi wakachagua moja, au ambayo imefuatwa na mahakama za chini kwa namna zinazopingana. Ukiisoma hukumu ukaona kila kitu kimenyooka na huna swali lolote, iache. Utaishia kuisifu tu.

Katika Bi Hawa Mohamed mvutano uko wazi kwa aliyesoma hadi mwisho. Mahakama ilikubali kanuni aliyoiomba mrufani, yaani Bi Hawa, mke aliyekata rufani, kisha rufani yake haikumpa sehemu ya nyumba aliyoidai. Ilionekana kwenye ushahidi kwamba mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, na mahakama ikaona alizitumia ovyo badala ya kuzigeuza kuwa mali ya familia. Mwanamke ambaye jina lake limebeba ukombozi wa wake wengi aliondoka mahakamani bila alichokwenda kukitafuta. Hapo pana swali, na uchambuzi wote unaweza kuchipuka kutoka hapo.

Hatua ya 2: Pata hukumu yenyewe

Usiandike kutokana na kitini cha somo, wala kutokana na ile aya ya muhtasari inayowekwa juu ya hukumu katika vitabu vya ripoti. Muhtasari ule umeandikwa na mhariri, na mhariri si jaji. Hukumu nyingi za Tanzania zinapatikana bila malipo katika hifadhi ya mtandaoni ya TanzLII, na za Kenya katika Kenya Law. Hukumu za zamani zitakudai uende maktaba ukafungue juzuu zenyewe. Andika namba ya shauri, mahakama, mahali ilipokaa na tarehe ya hukumu palepale unapoipata, maana kuvitafuta vitu hivyo baadaye hula muda mwingi kuliko unavyofikiri.

Chukua pia sheria iliyotafsiriwa, na uangalie ni toleo lipi. Sheria za Tanzania hutolewa upya katika matoleo ya marekebisho, na mara nyingine kifungu hubadilika maneno au namba. Jaji wa mwaka 1983 alisoma maneno ya wakati wake, na wewe lazima uyajue hayo kwanza kabla ya kuuliza leo yanasemaje.

Hatua ya 3: Soma mara tatu, kila mara kwa shabaha yake

Usomaji wa kwanza ni wa kisa. Weka kalamu chini. Nani alioa nani, walichuma nini, waligombana wapi, nani alikwenda mahakamani kwanza. Nyuma ya kila hukumu kuna watu walioumia, na mchambuzi asiyejua kisa chao huandika mambo makavu yasiyomsaidia yeyote.

Usomaji wa pili ni wa njia. Sasa shika kalamu, na pembeni mwa kila aya andika kwa maneno machache kazi inayofanywa na aya hiyo: hapa anasimulia, hapa anataja hoja ya wakili, hapa anaikataa, hapa anafasiri kifungu, hapa anarudi kwenye ushahidi. Ukimaliza utakuwa na ramani ya hukumu nzima, na utaona mahali ambapo jaji ameruka hatua. Mahali hapo paweke alama kubwa.

Usomaji wa tatu ufanye ukiwa na sheria mkononi. Kwa kesi yetu ni kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29. Kifungu kidogo cha (1) kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja. Kifungu kidogo cha (2) kinaitaka mahakama izingatie mila za jamii ya wanandoa, kiasi cha mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni yaliyoingiwa kwa faida yao wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Baada ya kuyazingatia hayo, mahakama ielekee kwenye mgawanyo ulio sawa. Yasome maneno hayo polepole. Neno "kazi" limo, lakini sheria haisemi kazi gani.

Kisha soma majirani wa kifungu hicho, jambo ambalo wanafunzi wengi huliruka. Kifungu cha 58 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali isipokuwa wanandoa wamekubaliana vinginevyo. Kifungu cha 60 kinaweka dhana kwamba mali iliyo kwa jina la mwanandoa mmoja ni yake peke yake, dhana inayoweza kupingwa kwa ushahidi. Kifungu cha 63 kinamtwika mume wajibu wa kumtunza mke. Mtu mwenye mtazamo finyu anaweza kuvishika vifungu hivyo vitatu akajenga hoja nzito: mke ametunzwa, nyumba ina jina la mume, ndoa haikuibadilisha, basi hakuna cha kugawa. Usipoijua nguvu ya hoja hiyo hutaelewa Mahakama ya Rufani ilikuwa inavuka nini.

Hatua ya 4: Ieleze safari ya shauri na zama zake

Hapa usijaze kurasa. Aya mbili zinatosha: shauri lilianzia wapi, kila mahakama iliamua nini, na swali lililofika juu lilikuwa lipi. Taja zama za hukumu pale tu zinaposaidia kuielewa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilianzishwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mahakama yake ya rufani kutoweka pamoja nayo. Kwa hiyo mwaka 1983 ilikuwa mahakama changa chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, na Mahakama Kuu ilikuwa na mitazamo miwili iliyopingana: mmoja ukitaka mchango unaoonekana katika ununuzi wa mali, mwingine ukikubali kwamba anayepika, kulea na kutunza nyumba naye anachuma. Msomaji akijua hilo ataelewa kwa nini mahakama ilikwenda mbali zaidi ya kilichohitajika kumaliza ugomvi wa watu wawili.

Hatua ya 5: Tenga kiini cha uamuzi na maoni ya kando

Hapa ndipo uchambuzi hupata uzito wake, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kiini cha uamuzi ni ile kanuni ambayo bila hiyo mahakama isingefika ilikofika. Hiyo ndiyo inayozifunga mahakama za chini. Maoni ya kando ni yale jaji aliyoyasema njiani. Yanaweza kuwa na hekima kubwa na kushawishi, lakini hayafungi. Fasili hiyo kila mtu ameikariri. Ugumu uko katika kuitumia.

Chukua hukumu yetu. Mahakama iliuliza kama kazi za nyumbani ni mchango, ikajibu ndiyo. Ili kufika hapo ilitazama uovu ambao Bunge lilikusudia kuuondoa, ikaurejea Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969 uliotangulia Sheria ya Ndoa, ikaona kwamba sheria hiyo ilikusudiwa kuondoa unyonyaji na ukandamizaji wa kimila wa wake uliofanywa na waume zao. Kisha ikageukia ushahidi, ikaona mrufani amekwisha kupewa fedha na hakuzifanya mali, ikamnyima.

Sasa jiulize kwa ukali: je, kanuni ya kazi za nyumbani ilikuwa ya lazima katika matokeo hayo? Mtu anaweza kusema haikuwa. Mrufani angeshindwa vyovyote vile. Kama kazi za nyumbani si mchango, anashindwa mapema, na kama ni mchango, anashindwa kwa sababu ya zile fedha. Akifuata njia hiyo, maneno maarufu kuliko yote katika sheria ya ndoa ya Tanzania yanageuka kuwa maoni ya kando.

Mimi sikubaliani na hoja hiyo, lakini mchambuzi lazima aipe nafasi yake kamili kabla ya kuijibu. Jibu langu ni hili: mahakama isingekuwa na sababu ya kupima alichokifanya mke na zile fedha kama isingekuwa imekwisha kukubali kwamba alikuwa na haki ya kupata fungu. Kufuja fedha kulihesabiwa dhidi ya fungu ambalo kanuni ilikuwa imempa. Ukiondoa kanuni, sehemu ya pili ya hukumu haina pa kusimama. Kwa hiyo kanuni ni hatua ya lazima katika njia ambayo majaji wenyewe waliichagua, na swali la ulazima hupimwa kwa njia iliyotumika, si kwa njia nyingine ambayo majaji wangeweza kuitumia.

Unaweza kulipinga jibu hilo. Ukilipinga kwa hoja, tayari una uchambuzi.

Usiache pia kusoma amri zenyewe, mwisho wa hukumu. Mfano mzuri ni shauri la Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria hiyohiyo ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Aliyesoma vichwa vya habari alidhani ndoa hizo zilikoma siku ile. Aliyesoma amri aliona kwamba Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha vifungu, mamlaka ambayo mahakama inayo kwa Ibara ya 30(5) ya Katiba. Serikali ilikata rufani, Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo tarehe 23 Oktoba 2019, na ule mwaka mmoja ulikuwa umepita bila vifungu kuguswa. Kati ya tamko la haki na amri inayolitekeleza pana pengo, na uchambuzi wa maana ungeweza kuandikwa juu ya pengo hilo peke yake.

Hatua ya 6: Fuatilia hukumu ilikokwenda

Andika jina la kesi katika kitafutio cha TanzLII, kisha zisome hukumu zilizoitaja. Usizihesabu tu. Zipange kwa matumizi: zilizoifuata, zilizoitofautisha, na zilizoitaja kama pambo bila kuitumia. Kundi la mwisho huwa kubwa, na mara nyingi linafundisha kuliko mengine.

Kwa Bi Hawa Mohamed utaona jambo la kushughulikia. Katika Gabriel Nimrod Kurwijila dhidi ya Theresia Hassani Malongo, Rufani ya Madai Na. 102 ya 2018, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kiasi cha mchango wa mwanandoa ni suala la ushahidi. Kauli hiyo ni sahihi kisheria. Lakini mke aliyepika na kulea kwa miaka ishirini ataleta ushahidi gani? Hana risiti wala hati. Kanuni ya 1983 inasema kazi yake inahesabika, na kanuni ya ushahidi inamtaka aonyeshe ni kiasi gani. Mkwaruzano wa kanuni hizo mbili ndio unaowaumiza wanawake wengi katika mahakama za mwanzo na za wilaya hadi leo, na kwa maoni yangu ni eneo linalostahili kalamu nyingi za vijana.

Hatua ya 7: Sema hoja yako kwa sentensi moja

Kabla ya kuandika aya ya kwanza, andika sentensi moja inayobeba unachokidai. Kwa mfano: "Mahakama ya Rufani ilizihesabu kazi za nyumbani kuwa mchango bila kuweka kipimo chake, na kwa hiyo mzigo wa kupima umeachiwa kanuni za ushahidi ambazo hazikutungwa kwa kazi ya aina hiyo." Mtu anaweza kuipinga sentensi hiyo, na hiyo ndiyo dalili kwamba ni hoja. Sentensi kama "hukumu hii ni muhimu sana kwa haki za wanawake" haina wa kuipinga, kwa hiyo haina wa kumshawishi pia.

Ibandike mahali unapoiona ukiandika. Aya isiyoisaidia sentensi hiyo, hata iwe nzuri namna gani, itoe.

Hatua ya 8: Andika

Anza na swali au mvutano, usianze na historia ya Sheria ya Ndoa tangu ukoloni. Eleza kisa kwa ufupi, uamuzi kwa uaminifu, kisha utumie zaidi ya nusu ya kurasa zako kwa hoja. Hitilafu ninayoikuta mara nyingi katika kazi za wanafunzi ni kurasa nane za kusimulia na moja ya kuchambua.

Ieleze hoja ya jaji kwa nguvu zake zote kabla ya kuipinga. Nukuu maneno yake pale tu maneno yenyewe yanapogombewa; kwingine sema kwa maneno yako na utaje aya au ukurasa. Andika "mahakama ilikosea" pale tu unapoweza kuonyesha ilipaswa kufanya nini kwa sheria iliyokuwapo siku ile. Jaji wa 1983 asilaumiwe kwa kutofuata hukumu ya 2019.

Kisha toa pendekezo linalotekelezeka. "Serikali ichukue hatua" halimsaidii mtu. "Kifungu cha 114(2) kiongezwe maneno yanayotaja kazi za nyumbani na malezi, na mahakama ianze na dhana ya mgawanyo sawa hadi ithibitishwe vinginevyo" linaweza kubebwa na mbunge, na linaweza kukosolewa, kwa hiyo lina uhai.

Hatua ya 9: Kiswahili cha kisheria

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Sheria Na. 1 ya mwaka huo, yaliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, huku Kiingereza kikibaki kwa nafasi maalumu. Hukumu nyingi tunazozichambua ziliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anayeandika uchambuzi kwa Kiswahili anafanya kazi mbili kwa pamoja. Chagua istilahi moja na udumu nayo: ukianza na "mrufani" usimgeuze kuwa "mkata rufaa" ukurasa wa tatu na "mlalamikaji" ukurasa wa sita, maana msomaji atadhani ni watu watatu. Hukumu ni hukumu, uamuzi mdogo ni uamuzi mdogo, amri ni amri. Unaponukuu tafsiri yako mwenyewe ya maneno ya jaji, sema katika tanbihi kwamba tafsiri ni yako.

Hatua ya 10: Kabla ya kuituma

Hakiki kila rejea kwa kuifungua upya, bila kutegemea kumbukumbu. Kama shauri bado liko mahakamani kwa rufani au marejeo, sema hivyo mwanzoni kabisa na ujiepushe na kuandika kana kwamba limekwisha. Kama kesi inahusu mtoto au mtu aliyedhalilishwa, tumia vifupisho vya majina hata kama mahakama haikufanya hivyo. Kosoa sababu za jaji, kamwe usimkosoe jaji mwenyewe.

Mpe rafiki asiyesoma sheria aisome kurasa mbili za mwanzo, akuambie kwa maneno yake unadai nini. Akishindwa, rudi hatua ya 7. Kisha mpe mwalimu au mwenzako unayejua hakubaliani nawe, umwombe akuonyeshe mahali hoja inapovuja.

Halafu tuma. Eastern Africa Law Review ya Shule Kuu ya Sheria, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imekuwa ikibeba uchambuzi wa aina hii kwa miongo mingi, na vyuo vingi vina majarida ya wanafunzi yanayotafuta waandishi. Soma masharti ya jarida kabla ya kutuma: urefu, mtindo wa tanbihi, lugha inayopokelewa. Wahariri wakikurudishia kazi na maoni, jibu kila hoja yao kwa namba yake, pamoja na zile ulizoamua kutozifuata, ukieleza sababu.